Kazi ya Kumi Isianze Kama ya Kwanza

Mazungumzo ya mratibu wa kazi za wateja siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



  Barua ya Kamati ya Maandalizi ilinitaka nizungumzie upangaji wa kazi za wateja zinazojirudia kwa kutumia programu ya kompyuta. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Mwaka tuliouanzisha mfuko huu, mimi kompyuta nilikuwa naiona ofisini kwa watu, mezani, imefunikwa kitambaa ili isiingie vumbi. (Kicheko)

Kwa hiyo msitegemee maneno ya kitaalamu kutoka kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Nitasema kwa lugha ya fundi cherehani.

TULIKOTOKA

Ndugu zangu, sote tunajua kwamba mfuko wetu hautuni kwa hisa peke yake. Hisa ni mbegu. Fedha inakua pale mama anapokopa, akafanya kazi ya mteja, akalipwa, akarudisha mkopo na ziada. Na kazi zetu hizo, tukizihesabu, hazizidi nne au tano: sare za shule, chakula cha semina na mikutano, chakula cha harusi, mapambo, na mashuka ya kushona kwa ajili ya nyumba za wageni. Kazi ni zile zile. Mteja ndiye anayebadilika, na tarehe.

Sasa hebu tujiulize. Kama kazi ni ile ile, kwa nini kila mara tunaianza kama vile hatujawahi kuifanya? Kwa nini mama aliyepika chakula cha watu 200 mara sita bado anapiga simu usiku kuuliza mchele kilo ngapi? Kwa nini kila Desemba tunashangaa kwamba Januari ipo karibu?

Wazee wetu hapa wanakumbuka mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, inakadiriwa watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi, wakaja kukaa Benaco. Ulikuwa wakati wa majonzi makubwa, na sisemi habari zake kwa wepesi. Lakini ni kweli pia kwamba akina mama wengi wa huku walijifunza biashara wakati ule. Mama yangu mzazi alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza kwa mamia kila siku. Alijua unga kiasi gani, mafuta kiasi gani, kuni kiasi gani, na saa ngapi aamke. Desemba 1996 wakimbizi walirudi kwao, wateja wakaondoka. Mama naye baadaye akafariki. Siku nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kupikia watu wengi nilitamani nimuulize, na hapakuwa na daftari. Ujuzi wake wote ulikuwa kichwani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata ujuzi ni mali.

KOSA LANGU

Wengi mliopo hapa mnayajua haya ninayotaka kusema, na wengine mmeyasikia kwa pembeni. Leo nayasema mwenyewe mbele ya wote.

Katika mwaka wetu wa nne, mimi nilipokea oda ya sare za shule moja, wanafunzi 120, kila mmoja vazi la juu na la chini. Jumla nguo 240. Tulikuwa na vyerehani vinne. Cherehani kimoja kwa siku kinatoa nguo tano zilizokamilika, hivyo vinne vinatoa 20. Nguo 240 ukigawa kwa 20 unapata siku 12. Hesabu safi kabisa.

Wiki ile ile ikaja shule ya pili. Nao wanafunzi 120. Nikapiga hesabu tena, nikapata siku 12. Nikawaambia ndiyo, tutawahi kabla shule hazijafunguliwa. Nikachukua arubuni kwa wote wawili.

Jamani, mmeona nilipoanguka? Kila oda peke yake ilikuwa siku 12. Lakini vyerehani vilikuwa ni vile vile vinne! Nguo 480 kwa vyerehani vinne ni siku 24. Mimi niliahidi vyerehani vinane na mafundi wanane ambao hawakuwapo. Sikudanganya kwa makusudi. Kila hesabu ilikuwa kwenye karatasi yake, na sikuwahi kuziweka karatasi mbili pamoja.

Shule ya kwanza ilipata sare kwa wakati. Ya pili tuliwapelekea wiki mbili baada ya watoto kuanza masomo. Wazazi walikwishanunua za dukani, na ni haki yao. Tulirudi na seti 70 zenye nembo ya shule, ambazo huwezi kumuuzia mtu mwingine yeyote.

Kitambaa kile nilikuwa nimekinunua kwa mkopo wa shilingi 2,400,000 kutoka kwenye sanduku hili hili. Mkopo wangu ulikuwa na wadhamini watatu. Muda ulipofika sikuwa na fedha, na kwa katiba yetu wadhamini wakaanza kukatwa hisa. Wawili walivumilia. Wa tatu alikuwa ametunza hisa zake kwa ajili ya kumpeleka binti yake chuo. Alilipa sehemu yake bila kusema neno, mzunguko ulipofungwa akachukua kilichobaki, akajitoa. Mimi nilimrudishia deni lake lote baada ya miezi 14. Binti alianza chuo kwa kuchelewa mwaka mmoja. Dada yule hakurudi kwenye kikundi, na leo hayupo hapa.

Siwezi kumlaumu. Nataka tu wanachama wapya wajue kwamba tunapozungumzia mpango wa kazi hatuzungumzii mambo ya ofisini. Tunazungumzia hisa za mwenzako.

Na sanduku letu lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Fedha tulizilinda hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini mpango wa kazi zilizokuwa zinaileta hiyo fedha ulikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ni kichwa changu.

KIOLEZO

Fundi yeyote hapa anajua kiolezo. Ukitaka kushona mashati mengi ya aina moja, huchori upya kila shati juu ya kitambaa. Unachora mara moja kwenye karatasi ngumu, unakata, unaitunza ukutani. Kila shati linakatwa kwa karatasi ile. Mtoto akiwa mnene unaongeza inchi, akiwa mrefu unashusha pindo. Ukigundua kwapa linabana, unarekebisha karatasi yenyewe, na shati lijalo halitabana.

Basi mpango wa kazi inayojirudia ni hivyo hivyo. Unaandika mara moja hatua zote za kazi, siku zake, watu wake na gharama zake. Hicho ndicho kiolezo. Akija mteja, unatoa nakala, unabadilisha jina, idadi na tarehe. Kiolezo chenyewe unakiacha ukutani.

Kiolezo chetu cha sare za wanafunzi 120, kwa vyerehani vinne, kinasema hivi:

(a) Kuchukua vipimo shuleni: siku 2.
(b) Kununua kitambaa Mwanza na kukifikisha: siku 3.
(c) Kukata: siku 4.
(d) Kushona: siku 12.
(e) Matundu, vifungo na nembo: siku 3.
(f) Kupiga pasi, kukagua na kufunga: siku 2.
(g) Kukabidhi na kupokea malipo: siku 1.

Jumla ni siku 27 za kazi. Nyuzi na vifungo tunanunua hapa hapa wilayani, siku yoyote wakati wengine wanapima, hivyo havimo kwenye hesabu ya 27.

Baada ya hapo tunahesabu kwa kurudi nyuma. Tuchukue kalenda ya mwaka 2026, na mteja anataka kukabidhiwa Jumamosi tarehe 10 Januari. Jumapili hatufanyi kazi. Katikati kuna Uhuru tarehe 9 Desemba, Krismasi, siku ya pili yake, na Mwaka Mpya. Ukiziondoa hizo zote, unakuta siku ya kwanza ya kazi ni Jumamosi tarehe 6 Desemba. Ina maana arubuni iwe mkononi mwisho wa Novemba. Mteja akija tarehe 20 Desemba akisema "mama, nisaidie," unaweza kumhurumia, lakini kalenda haimhurumii. Unamwambia ukweli siku ile ile, kwa heshima, kwamba nusu ya nguo zitakuwa tayari Januari 10 na nusu baadaye. Akikubali, mmeandikiana. Akikataa, umeokoa wadhamini wako.

MSTARI MREFU

Kuna jambo moja ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa. Katika kazi yoyote kuna hatua zinazofuatana kama shanga kwenye uzi, na ukichelewesha moja unachelewesha zote. Na kuna nyingine zipo pembeni, hata zikichelewa kidogo hakuna kinachoharibika. Kitambaa kikichelewa siku mbili, sare zinachelewa siku mbili. Vifungo vikichelewa siku mbili, hakuna anayejua, maana havihitajiki mpaka siku ya 22.

Zamani tukiona tumechelewa tulikuwa tunaita watu waje kusaidia kupiga pasi. Wanakuja kumi, wanakula, wanapiga pasi, na bado tunachelewa. Kumbe kizuizi kipo kwenye kushona. Tukiazima vyerehani viwili vya jirani, vinakuwa sita, siku 12 zinakuwa 8. Au tukianza kushona mara baada ya siku ya kwanza ya kukata, badala ya kungoja zote nne ziishe, jumla inashuka kutoka siku 27 hadi 24 bila kuongeza mtu hata mmoja.

Utaalamu huu si wa juzi. Michoro yenye mistari ya siku tunayoiona kwenye kompyuta inaitwa kwa jina la Henry Gantt, injinia wa Marekani aliyefariki mwaka 1919, kabla kompyuta hazijakuwapo. Mwaka 1957 wataalamu wa kampuni ya kemikali ya DuPont, wakishirikiana na wa kampuni ya Remington Rand, waliweka hesabu ya ule mstari mrefu kwenye kompyuta. Na moja ya kazi walizoijaribia ilikuwa ni kazi inayojirudia, yaani kusimamisha kiwanda cha Louisville kwa matengenezo. Kiwanda kilikuwa kinasimama wastani wa saa 125. Baada ya kupanga vizuri walishusha hadi saa 93. Wao waliokoa saa 32 za kiwanda. Sisi tunaokoa siku 3 za vyerehani vinne. Akili ni ile ile.

PROGRAMU INAFANYA NINI

Mtaniuliza, sasa kama hesabu yote hiyo umeifanya kwa kalamu, kompyuta ya nini?

Kompyuta inasaidia mambo matatu.

Kwanza, tarehe ikibadilika. Mteja akisema tusogeze wiki moja, kwenye daftari unafuta na kuandika upya mistari yote, na hapo ndipo makosa huingia. Kwenye programu unabadilisha tarehe moja, nyingine zinasogea zenyewe, zikiruka Jumapili na sikukuu ulizoziandika. Ila Idd inafuata mwezi. Hiyo lazima mtu aiingize kwa mkono kila mwaka, na wenzetu Waislamu ndio tunaowategemea watukumbushe.

Pili, inaziweka kazi mbili pamoja. Hapa ndipo penye dawa ya ugonjwa wangu. Ukiandika kwamba shule ya kwanza inatumia vyerehani vile vinne, na ya pili inatumia hivyo hivyo siku zile zile, programu inakuonyesha kwa rangi kwamba umewapa watu kazi mara mbili. Kama ningeiona rangi ile mwaka wetu wa nne, nisingechukua arubuni ya pili.

Tatu, inatunza kumbukumbu. Siku tulizopanga na siku zilizotumika zinakaa jirani, na gharama pia.

Programu za namna hii zipo nyingi. Microsoft Project ilianza kuuzwa mwaka 1984, na inahitaji fedha. Ipo inayoitwa GanttProject, iliyoanza mwaka 2003, ambayo inatolewa bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Hiyo ndiyo tunayoitumia sisi, kwa sababu bando likiisha kazi haisimami. Wengine wanapanga kwenye Excel, nayo inatosha kwa kuanzia, ila mishale ya hatua ipi inafuata ipi lazima uitengeneze mwenyewe. WhatsApp inafaa kukumbushana. Haifai kutunza mpango, kwani mpango wa asubuhi jioni umezikwa chini ya salamu na picha za watoto. (Kicheko)

Namna tunavyofanya ni rahisi. Tuna faili moja linaitwa KIOLEZO SARE, jingine KIOLEZO SEMINA, jingine KIOLEZO HARUSI. Akija mteja, tunafungua kiolezo, na kabla ya kuandika neno lolote tunakihifadhi kwa jina jipya, jina la mteja na mwaka. Ni hapo tu ndipo tunaandika. Aliyesahau hatua hiyo akaandika juu ya kiolezo anatozwa faini kama aliyechelewa mkutano. Mimi mwenyewe nimeshalipa mara mbili. (Makofi na kicheko)

Mpango ukishakamilika tunauchapisha, tunaubandika ukutani kwenye chumba cha kushonea. Umeme ukikatika karatasi bado inasomeka. Na kwa wenzetu wasiojua kusoma vizuri, tunachora mkasi kwenye siku za kukata, sindano kwenye siku za kushona, pasi kwenye siku za pasi. Bibi mmoja katika sisi hasomi hata jina lake, lakini ndiye anayetuambia kila asubuhi tumebaki nyuma siku ngapi.

KIOLEZO KINAZEEKA

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwani ndipo vikundi vingi vinapokwama. Mnakaa, mnatengeneza kiolezo kizuri, mnakitumia miaka mitatu, halafu mnashangaa kimewapoteza. Kiolezo kinazeeka kama mtoto anavyozidi nguo.

Nawapa mfano mmoja. Zile siku 3 za kitambaa tuliziandika enzi za kivuko cha Kigongo na Busisi. Mzigo ukitoka Mwanza ulikuwa unaweza kulala foleni. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa pale, na magari sasa yanapita juu ya ziwa moja kwa moja kuelekea Sengerema, Geita na huku kwetu. Kivuko hakimo tena kwenye safari yetu, lakini kwenye faili bado kilikuwamo. Msimu mzima tulilipa siku ya kungoja chombo ambacho hatukipandi. Sasa tunajaribu kwa siku 2, tuone kama itakubali.

Mabadiliko mengine yanakwenda upande mbaya. Mvua ikichachamaa, barabara za vijijini hazipitiki, na kukabidhi kwa siku 1 inakuwa ndoto. Fundi akijifungua, cherehani kimoja kinakaa. Mambo hayo lazima yaingie.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu. Kazi ikishakabidhiwa, kabla ya kugawana faida, tunakaa saa moja. Tunauliza maswali manne: Tulipanga siku ngapi, zimetumika ngapi? Tulipanga fedha kiasi gani, zimetumika kiasi gani? Nini kilitushangaza? Nini kibadilike kwenye kiolezo? Jibu la nne linaandikwa siku ile ile. Asiyehudhuria kikao hicho, mgao wake unangoja mpaka aje. Ni sheria kali, lakini bila hiyo kila mtu angechukua fedha na kuondoka, na mafunzo yangeondoka naye.

Na kikao hicho si cha kutafuta mchawi. Siku ya kwanza tulianza kunyoosheana vidole, mama mmoja akalia, na kikao kilichofuata hakuna aliyesema ukweli. Tangu hapo tunaanza na kosa la mratibu, ndipo mengine.

USHAURI KWA VIKUNDI VINGINE

Nimeona hapa wageni kutoka vikundi mbalimbali, wengine wametoka Rulenge, wengine Nyakanazi. Naomba niwape ushauri wa bure.

1. Msikimbilie kununua kompyuta kwa fedha ya hisa. Andikeni kwanza kazi tatu kwenye daftari la kawaida, mwanzo mpaka mwisho, na siku zake za kweli. Daftari likiwashinda, kompyuta itawashinda pia. Likiwaelea, ndipo mkaazime kompyuta, na mwisho mnunue.

2. Andikeni siku za kweli, siyo siku za kumfurahisha mteja. Programu haijui kwamba unajidanganya. Ukiiambia fundi anashona nguo kumi kwa siku itakubali, na itakuchorea mpango mzuri wa uongo.

3. Mpango uwe na funguo tatu. Watu watatu wajue kuufungua, na nakala iwe kwenye flashi inayotunzwa nyumba tofauti na ile yenye kompyuta. Mratibu akiugua, kazi iendelee.

4. Kamati ya mikopo isome mpango kabla ya kutoa fedha. Siku hizi kwetu hakuna mkopo wa kazi ya mteja bila karatasi ya mpango, na mdhamini anatia sahihi kwenye karatasi hiyo hiyo. Anajua anadhamini nini, na siku ipi fedha itarudi.

5. Tunzeni kumbukumbu za kazi zilizokwisha. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Anayekwenda kuomba akiwa na kazi tano zilizoandikwa, siku na gharama zake, anazungumza akijiamini kuliko anayekwenda na maneno matupu.

MWISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, akina mama wenzangu. Leo tunasherehekea miaka kumi. Keki ipo, nimeiona. (Kicheko) Lakini miaka kumi ina maana tu kama mwaka wa kumi unajua mambo ambayo mwaka wa kwanza haukuyajua. Kama sivyo, tumeuishi mwaka mmoja mara kumi.

Nawaomba vijana wetu mliosoma, mliozaliwa simu zikiwapo, mchukue kazi hii. Mimi naweza kuwaambia kitambaa kinachukua siku ngapi. Ninyi mnajua mashine. Tukikaa pamoja tunakamilishana. Na kuanzia mwezi ujao funguo ya tatu ya mpango itashikwa na binti mmoja wa darasa letu jipya la ushonaji. Nimemwonyesha kila kitu, pamoja na faili la mwaka wetu wa nne. Faili lile nililiandika baadaye, kazi ikiwa imekwisha haribika, kwa kukumbuka siku moja moja. Sikulifuta. Lina jina la shule, lina siku 24 pale nilipoahidi 12, na chini kabisa lina majina ya wadhamini watatu. Anayejifunza kwetu anaanza kwa kulisoma hilo.

Na yule dada yetu, kitabu hiki kikimfikia, ajue kwamba nafasi yake kwenye kikundi ipo, na namba yake ya uanachama hatujampa mtu mwingine.